Mchimba Dhahabu Anayefuatwa na Maji

Ndugu Katibu Tarafa, Baba Padri Clemens, Ndugu Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, wazee, akina mama mliokuja na ndoo mbili mbili. Na wewe Pantaleo, mdogo wangu, mgeni wa heshima usiyetulia kitini kwa kuwa hulioni begi lako. Mwadila! Tumsifu Yesu Kristu.

Nimeombwa nikisifu kisima hiki na aliyekichimba. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nitasifu nijuavyo.

Pantaleo ni mchimbaji hodari wa dhahabu. Amechimba maduara matatu, yaani mashimo ya dhahabu, kule Nyarugusu, na dhahabu yote aliyopata ingetosha kuziba jino la mbu. Wenzake wakishuka shimoni wanakuta mwamba, yeye anakuta maji. Wenzake wanapandisha mawe, yeye anapandisha ndoo. Wakawa wanamwita, "Pantaleo, lete sabuni tuoge!"

Je, mtu mwenye akili angefanya nini? Akaenda kwa mganga kule Katoro. Mganga, bingwa wa mabingwa, akala mbuzi mweusi, akajifuta mdomo, akasema: "Una mkosi wa maji." Mbuzi mzima kwa habari hiyo! Mimi ningemwambia kwa bakuli la uji.

Kiangazi kilichopita akarudi hapa kuuza ng'ombe wake wa mwisho, ampate mganga mkubwa zaidi. Sisi wakati huo tunagombania maji ya lambo na mifugo, na mifugo ndiyo inayotangulia kunywa, tena na kukojoa. Jirani yetu Mama Salvina akamwita njiani: "Shemeji, huo mkosi wako, hebu tuazime kidogo!" Kwa hasira akashika sululu, akachimba papa hapa mpaka maji yakatoka. Sisi vigelegele! Yeye akapanda juu, matope mpaka kwenye nyusi, akaniangalia kwa uchungu: "Unaona, dada? Hata hapa yamenifuata!"

Baba Padri, unisahihishe nikikosea. Samweli aliitwa mara tatu usiku, na kila mara akamkimbilia Eli. Ndugu yangu kaitwa mara tatu mchana kweupe, akamkimbilia mla mbuzi. Eli angalau alitambua mwenye kuita ni nani.

Na leo? Lori la pamba linapakia pale, na huyu amefunga begi, anarudi Nyarugusu kuanza duara jingine. Kijiji cha jirani wanamwomba kisima cha zahanati, ambako watoto wetu wanazaliwa na kuogeshwa maji ya lambo. Yeye kanijibu, "Dada, kisima si kazi ya mwanaume aliyeona dhahabu." Aliyeona! Wapi? Kwenye meno ya matajiri?

Pantaleo, niliyekubeba mgongoni, nimekucheka vya kutosha, sasa sicheki. Duara lako la nne ni hili. Na Samweli, mara ya nne, hakukimbilia kwa mtu. Alibaki palepale, akaitika.

Kata hii niliyoishika mkononi ina maji ya kwanza kutekwa leo. Njoo uyanywe mbele ya watu, tujue umeitika.

Begi usilitafute. Meza hii ya Mwenyekiti ni ya juu, dada yako mfupi, na nimesimama juu ya begi lako tangu nianze kusema. Lori na lipige honi litakavyo.

Wabeja, asanteni wote kwa kunisikiliza. Sishuki mpaka anywe.