Mizunguko Mia Mbili ya Garland Prillaman

Nadine, zima televisheni. Royce, vua hiyo kofia ukae hapa nikuone, maana daktari amesema nimebakiza wiki na mimi najua ni siku, na kalamu uliyoichomeka mfukoni nimeiona tangu ulipoingia mlangoni.

Hamtatia sahihi. Nimeanza na hilo ili pumzi ikinikatikia njiani liwe limeshasemwa.

Gereji na vifaa vyote vya baba yenu ni vya Nadine, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kufungua injini na kuifunga bila kubakiwa na bolti mkononi. Na wewe Royce usinune, shamba la tumbaku na nyumba hii ni vyako, na asiyeridhika akamlilie mchungaji. Lile gari lake la mbio, namba thelathini na tisa, baba yenu aliloliendesha, msiliuze wala msilipake rangi.

Sasa sikieni, wanangu, lile ambalo mmekua mkilisikia kwa vicheko. Mwaka wa hamsini na nane, pale uwanja wa mbio za magari wa Sugar Fork, udongo mwekundu mpaka kwenye meno, kila dereva alihesabiwa mizunguko na mkewe. Tulikaa wanawake wote kwenye benchi moja mbele ya saa kubwa, gari la mumeo likipita unatazama saa, unaandika dakika na sekunde, unangoja lipite tena. Kulia kwangu alikaa Hessie, mke wa Buford Akers. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, wewe Royce unanipiga mateke utadhani unataka usukani, na sikupepesa jicho. Bendera ya mwisho iliposhuka kadi yangu ilikuwa na mistari mia mbili. Garland, baba yenu, ameshinda, na Akers, aliyepoteza muda kwa kubadili tairi, yuko nyuma.

Wakubwa wa Chama cha mbio wakajifungia na kadi zetu saa nzima. Gari la Akers lilikuwa la tajiri aliyetoa zawadi siku ile, na mwenye nguvu mpishe. Walipotoka, Akers ana mia mbili, Garland ana mia moja tisini na tisa. Nikamwendea mkuu wao, nikamwambia, "Nionyeshe mzunguko nilioukosea." Akacheka mbele za watu: "Nenda kajifungue kwanza, mama. Mwenye mimba huona vitu viwiliviwili." Uwanja mzima ukacheka. Na baba yenu, mwanamume aliyesafirisha gongo la magendo kwa gari kwenye milima hii huku polisi wakimfyatulia risasi, akanishika kiwiko: "Oleta, funika kombe mwanaharamu apite. Leseni wanayo wao, na Jumapili tuna mbio." Akatia sahihi matokeo yao. Nilimpenda, nikampikia, nikamzika, na hilo sikumsamehe.

Leo Chama hichohicho kimeukarabati uwanja, Jumamosi wana sherehe, wanataka kuwapa ngao ya mshindi wa pili, na mtangazaji asimulie tena kichekesho cha mama mjamzito, mradi familia ikubali kwa maandishi kwamba matokeo hayana ubishi. Royce anasema, "Mama, ni miaka sitini, si yaishe tu?" Hayaishi! Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mimi hata macho yangu siku ile yaliona vizuri.

Nendeni. Vaeni mpendeze, mkae mbele. Jina la mshindi wa kwanza likisomwa, simameni kana kwamba limesomwa lenu, ninyi na wajukuu wangu wote, msiseme neno, msizomee, na msiketi mpaka waone haya... Nadine, maji. Ahsante.

Kuna moja bado. Mkisimama mtamwona kikongwe upande wa pili naye anasimama. Msishangae. Ni Hessie Akers. Wakati wa baridi uliopita, alipokwisha kumzika Buford, alikuja hapa na pai ya pichi, nikamwacha mlangoni mpaka kahawa ikafurika jikoni. Akaniambia kadi yake ilikuwa na mistari mia moja tisini na tisa, yule mkuu akamsimamia kichwani akamwamuru aongeze mmoja, naye, msichana wa miaka ishirini, akaongeza. Akalia sana. Nikamwambia, Hessie, machozi yako sina pa kuyaweka, je, utasimama? Akasema atasimama. Basi tukaila ile pai.

Nimechoka, wanangu. Mungu awalinde kwenye kila kona... awape vichwa vigumu kama changu, na mioyo laini kuliko wangu. Awape... watoto wasioogopa kuwajibu.

Nadine. Sogea. Magoti ya Hessie ni mabovu. Wakisoma jina... nenda kwake, umshike mkono. Asisimame peke yake. Mimi nilisimama peke yangu... najua ilivyo.