Abiria Wote Walikuwa Kilo Sabini

Wapendwa wa jumuiya, mwenyekiti amesema nisimame. Nimesimama, ila mtanivumilia, miguu hii imetoka kazini. Mnanijua: mtu wa kukaa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka hapa Miyuji hadi uwanja wa ndege, na ndege yenyewe sijawahi kuipanda.

Kampuni yetu ni ndogo. Ina ndege mbili za viti kumi na viwili, na mara nyingi moja inasubiri kipuri. Mimi nakagua tiketi, napima mizigo, napima na watu. Ndiyo, watu. Ndege ndogo haitaki kubahatisha. Rubani lazima ajue amebeba kilo ngapi.

Sasa nawauliza, nyinyi mliolelewa na bibi Mgogo kama mimi: unamwamkia mzee shikamoo, halafu unamwambia apande kwenye mzani? Nilijaribu mara moja. Mzee mmoja wa Kibakwe akanitazama. "Mjukuu wangu, mimi ni gunia la karanga?"

Tangu siku hiyo nikawa nauliza tu, kwa adabu. Wao wanataja, mimi naandika kwenye fomu ya rubani. Akina mama wote sabini. Wazee sabini. Kuna baba alipita mlangoni kwa ubavu, naye sabini.

Siku moja ya jua kali, saa saba mchana, ndege imejaa. Hewa ya joto haibebi vizuri, pale kazini hilo kila mtu analijua. Nikaitazama inakimbia, inakimbia, hainyanyuki. Rubani akakata mwendo, ikasimama kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwenye uzio. Hakuna aliyeumia.

Mafundi wakakagua injini: nzima. Wakasoma fomu yangu: uzito sawa. Basi kosa likabaki kwa rubani, eti mwoga, akasimamishwa kazi. Nami, ndugu zangu, nikanyamaza. Wiki mbili nilijifungia ndani nikisema naumwa. Mume wangu akasema, "Kukaa ndani ni kawaida yako, lakini safari hii hata hunitanii. Una nini?" Nikajifunika shuka.

Kisha rubani akaja kuniaga, na mfuko wa zabibu mkononi. "Nimesikia unaumwa, dada. Mimi narudi kwetu Kondoa."

Jamani, zabibu za mtu uliyemponza hazimezeki. Nikamwambia, "Kaa, kaka. Sikuwapima."

Akauweka mfuko mezani taratibu. Afadhali angefoka. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kesho yake nikaenda kwa bosi, nikasema yote. Mimi nikasimamishwa miezi mitatu, rubani akarudishwa. Na ni yeye aliyeniombea nirudi. "Huyu hatakadiria tena," alimwambia bosi.

Namshukuru. Namshukuru na mume wangu, aliyenisindikiza hadi mlango wa ofisi. Nawaambia nilichojifunza: heshima inayomwacha mtu aanguke si heshima, ni woga wetu tu umevaa kanga.

Siku hizi naamkia, kisha napanda mzani mimi kwanza, nasoma kwa sauti: themanini na tisa. Wanacheka, wanapanda. Kila safari hivyo hivyo. Nimechoka, na mzani haujawahi kunihurumia.

Juzi yule mzee wa gunia la karanga alirudi, habari za mzani wangu zimeshamfikia. Akaegesha fimbo ukutani, akavua koti.

"Mjukuu wangu, leo umefika ngapi?"

"Tisini na moja, babu."

"Haya, shuka. Zamu yangu."