Tulidhani Keza Anacheza

Ndugu zangu wa Muyinga, Bwana atukuzwe. Mwili bado unanisisimka, kwa hiyo mnivumilie.

Wote mnamjua binti yangu Keza. Alichelewa kutembea, na alipoanza alitembea akiyumba, kiuno huku, kiuno kule. Wakati wa sadaka, tunapopanga mstari na kucheza kwenda mbele, hakuna aliyependeza kama yeye. Mlimpigia vigelegele. Nilijaa fahari, na mama mkwe akasema amerithi kiuno chake.

Ndugu zangu, mtoto hakuwa anacheza!

Siku moja tulipata mgeni kutoka Gitega, dada anayefanyisha watoto mazoezi ya viungo hospitalini. Baada ya ibada alinishika mkono. "Mama Keza, ngoma imeisha. Mbona mutoto iko anacheza bado?"

Nikageuka. Keza alikuwa uwanjani anafukuza kuku, kiuno huku, kiuno kule.

Yule dada alimlaza kwenye mkeka, akamkunja magoti. Goti moja lilikuwa chini kuliko lingine, yaani mguu mmoja ulikuwa mfupi. Nilimwogesha kila siku, nilimbeba mgongoni kila siku, sikuona! Hakuwahi kulia, maana hakuwa na maumivu.

Kule Gitega alipigwa picha ya mifupa, ikaonekana mfupa wa paja ulikuwa umetoka kwenye nyonga tangu uchanga. Daktari akasema tukichelewa atachechemea maisha yake yote, na maumivu yatamfuata ukubwani. Nilikaa sakafuni, nikaomba bila maneno. Walimpasua, wakaurudisha mfupa, wakamfunga plasta kutoka kifuani hadi miguuni. Miezi ile nilimgeuza kitandani kama gunia la maharage, nikihofia plasta ikitoka tutakuta ni kazi bure.

Ikatoka. Akajifunza kusimama upya, akishikilia kitanda, akinikasirikia mimi.

Juzi nilimwita aoge, akanitoroka. Ndugu zangu, alikimbia! Wima, bila kuyumba. Nilimfukuza hadi kwenye migomba nikamkosa, nikakaa chini nikalia, sabuni mkononi.

Asante Yesu. Nilikuwa sijui hata nikuombe nini, na wewe ulikuwa umeshaona.

Kina mama, mwaminini Bwana wala msiogope. Leo baada ya ibada bakini, muwavue watoto viatu watembee hapa uwanjani. Yule dada yupo nasi. Ameniambia wakati wa sadaka amemwona mwingine.