Mzee Mwinshehe na Difu Mbili za Muafaka

Ifikapo Jumatatu, Juni 30, 2025, Ndugu Mwinshehe Stambuli, Fundi Mkuu wa Magari wa Kituo cha Mbegu Milimani, atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne kasoro siku moja. Siku hiyo moja imeulizwa na Idara ya Utumishi mara mbili kwa maandishi. Jibu ni kwamba Jumatatu ya Julai mosi, 1991, alifika kazini saa moja asubuhi kama barua ilivyomtaka, ila aliyepaswa kumpokea alikuwa kikaoni. Akapokelewa Jumanne.

Mzee Mwinshehe alizaliwa Kinole mwaka 1965 na kujifunza ufundi kwa mjomba wake, aliyekuwa na gereji mjini Morogoro. Kituoni alianza kama kibarua wa kuosha vipuri kwa dizeli. Mwaka 1996 alipandishwa kuwa Fundi Daraja la Tatu, na mwaka 2008 akawa Fundi Mkuu, cheo alichokuwa akikifanyia kazi kwa miaka minane kabla ya kupewa. Amehudumu chini ya wakurugenzi saba. Wanne kati yao waliahidi kulipiga bati jipya paa la karakana, na kwa haki yao wote ni lazima isemwe kwamba hakuna hata mmoja aliyeivunja ahadi hiyo waziwazi.

Wengi tutamkumbuka kwa namna anavyosikiliza gari. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, na hapo hata Mkurugenzi akipita hasalimiwi. Simu yake huiacha ndani ya kikombe juu ya rafu. Akifurahi huhesabu kwa Kiswahili, akikasirika huhesabu kwa Kiluguru, na madereva wetu, ambao wengi wametoka mikoa mingine, wamejifunza namba za Kiluguru kwa njia hiyo. Amefundisha mafundi saba. Wa mwisho, Paskalia, ndiye anayepokea funguo za karakana.

Hata hivyo, kazi yake iliyogusa watu wengi zaidi aliifanya mwaka jana, na kwa kuwa taarifa rasmi ya kazi hiyo inampongeza kila mtu isipokuwa yeye, tunaomba nafasi ya kuieleza hapa.

Septemba 2024 mradi mmoja wa wafadhili ulifungwa na kutuachia matairi manne makubwa ya inchi thelathini na tatu. Gari la matairi hayo halikuachwa. Kamati ya Mali ilikaa na kuazimia kwamba mali haiwezi kulala stoo wakati pikapu yetu inatembelea matairi madogo ya inchi ishirini na tisa. Mzee Mwinshehe aliombwa kuyafunga, akauliza kama kuna aliyefikiria habari za difu, akajibiwa kwamba hilo lingeangaliwa awamu ya pili. Akayafunga. Pikapu ikapanda juu, ikapendeza, ikapigwa picha ya kalenda.

Kwa wasomaji wa idara nyingine: difu ni lile boga la chuma katikati ya ekseli, ambamo gia ndogo, pinioni, huzungusha gia kubwa, krauni, na krauni huzungusha magurudumu. Pikapu yetu, ambayo huvuta kwa magurudumu yote manne njia ikiwa mbaya, ina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Uwiano wa meno ndio unaoamua pinioni ijitahidi kiasi gani ili tairi lizunguke mara moja. Ukiweka tairi kubwa bila kubadili meno, ni sawa na kumwongezea mpagazi mzigo na kumwambia pia arefushe hatua.

Dalili zilianza mara moja. Dereva wetu Yeremia alisimamishwa Dumila kwa kwenda kilomita hamsini na saba kwa saa, huku kipima mwendo kikiapa kwamba ni hamsini. Yeremia alimwonyesha askari dashibodi. Askari akamwonyesha tochi yake ya kupimia mwendo. "Mzee, nani muongo hapa?" alimpigia simu Mzee Mwinshehe akiwa pale pale barabarani, na kwa bahati simu ilikuwa imetoka kwenye kikombe. "Hakuna muongo," akajibiwa. "Kipima mwendo kinahesabu tairi la zamani. Lipa, uje."

Upande wa Mgeta mambo yalikuwa mabaya zaidi. Gia ya tano ikawa pambo. Kwenye kona za juu pikapu ilisimama ikitetemeka kwa gia ya kwanza, na klachi ikanukia hadi kwenye bustani za kabichi. Kamati ya Mali iliunda kamati ndogo, ambayo baada ya wiki tatu ilibaini kuwa tatizo ni ukosefu wa ari kwa madereva. Yeremia na wenzake wakapelekwa semina ya siku mbili. Walirudi na vyeti na ari. Pikapu haikuwa imealikwa.

Ndipo suala likaja kwa Afisa Usafirishaji, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu na katibu wa Kamati hiyo. Afisa alikaa na kikokotoo. Difu za awali zilikuwa na meno arobaini na matatu kwa kumi na moja, yaani pinioni ilizunguka mara tatu na nukta tisa kwa kila mzunguko wa tairi. Alizidisha kwa thelathini na tatu, akagawa kwa ishirini na tisa, akapata nne na nusu kasoro kidogo. Akachagua difu za meno arobaini na moja kwa tisa, zinazokaribia kabisa jibu hilo, akachora na grafu. Ilikuwa grafu nzuri.

Mzee Mwinshehe aliitazama kwa muda mrefu, akafuta mikono kabla ya kuishika. "Hesabu yako ni sahihi, mwanangu," alisema. "Inalirudisha gari pale lilipokuwa. Sasa niambie, gari letu linapanda Mgeta na nini?"

Linapanda na mbolea mifuko michache, akaambiwa.

"Na linashuka na nini?"

Linashuka na magunia kumi ya mbegu ya viazi, na akina mama watatu wanne juu ya magunia, kinyume cha kanuni ambayo sote tumeisaini.

"Basi umepiga hesabu ya kupanda. Kupanda kukishindikana unakaa. Kushuka kukishindikana hukai."

Yeye alitaka meno thelathini na tisa kwa manane, pinioni izunguke karibu mara tano kwa kila mzunguko wa tairi. Uwiano huo ungelipunguzia gari mbio za lami na kuongeza kelele, lakini injini yenyewe ingelishika gari kwenye mteremko, breki zipumzike. Matairi yale, alisema, ni mazito kuyasimamisha kama yalivyo mazito kuyasukuma. Hakuandika ripoti. Aliandika 39/8 kwa chaki kwenye mlango wa karakana.

Kamati ikawa na mapendekezo mawili, moja lenye grafu na jingine lenye chaki. Mwenyekiti, Bi Hosiana, ni mtu wa maelewano. Katika miaka yake yote hakuna kikao kilichowahi kupiga kura, na ndiyo maana tunampenda. Baada ya saa mbili alipata ufumbuzi uliopigiwa makofi: difu ya nyuma inunuliwe ya Mzee, ya mbele inunuliwe ya Afisa, ili pande zote mbili zisikike.

Katibu aliyeandika uamuzi huo alijua maana yake. Difu mbili za gari moja zikitofautiana meno, ukiunganisha magurudumu manne, mbele inakwenda mwendo wake na nyuma mwendo wake, na zimefungwa pamoja. Alijua, na hakusema, kwa sababu namba yake ilikuwa imepita. Kumbukumbu za kikao zinasomeka vizuri sana.

Difu zilifika Novemba. Mzee Mwinshehe alifungua maboksi yote mawili, akahesabu meno, akahesabu tena kwa Kiluguru, akayafunga na kuyarudisha stoo. Uzinduzi wa "pikapu iliyoboreshwa" ulikuwa umepangwa wiki iliyofuata, safari ya Mgeta na mgeni rasmi, na fomu ya uzima wa gari ilihitaji sahihi ya Fundi Mkuu. Akakataa kufunga, akakataa kusaini. Alikumbushwa kwamba amebakiza miezi saba. Alikumbushwa kwamba faili lake halina doa tangu 1991, na kwamba mstaafu mwenye faili safi hupewa cheti cha heshima na kuruhusiwa kuendelea kuishi katika nyumba ya kituo kwa mwaka mmoja huku akimalizia ya kwake Kinole. Alisema anaikumbuka nyumba vizuri, kwani paa lake analiziba mwenyewe.

Akapewa barua ya onyo kwa kosa la kuchelewesha uzinduzi. Kwa utaratibu, barua hizo huandikwa na katibu na kusainiwa na mwenyekiti na katibu. Iliandikwa, ikasainiwa.

Kesho yake saa nne, Mzee aliikaribisha Kamati karakanani kunywa chai. Vikombe vilikuwa safi. Juu ya meza ya kazi alikuwa amezibana difu mbili kwenye vibanio vya chuma, kila moja na alama ya chaki. "Shikamoo, mzee," alisema mtunza stoo Jonathan, akitafuta pa kukaa. "Marahaba. Usikae, una kazi." Bi Hosiana akapewa difu ya nyuma, Jonathan ya mbele. Mzee akazungusha krauni ya kila moja raundi kumi kamili, taratibu, wao wakihesabu pinioni imezunguka mara ngapi.

Bi Hosiana alipata arobaini na nane na robo tatu. Jonathan akapata arobaini na tano na nusu.

"Jonathan, wewe umesinzia," alisema Bi Hosiana.

"Mwenyekiti, mimi hapa ndiyo nimeamka leo!"

Wakabadilishana difu, wakahesabu upya. Namba zikabaki na difu, hazikuhama na watu. Mjumbe mmoja akapendekeza uchukuliwe wastani.

"Mizunguko mitatu na kipande," alisema Mzee Mwinshehe, "kwa kila raundi kumi za tairi. Haina pa kwenda. Itakwenda kwenye chuma. Chuma kikichoka, itakwenda kwa hao akina mama juu ya viazi." Kisha akamgeukia katibu, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoumiza. "Na wewe mwanangu, wewe ulishahesabu. Ulipata ngapi?"

Katibu alisema alipata kama wao, na alipata tangu siku ya kikao. Akaomba pendekezo lake liondolewe. Bi Hosiana aliuliza kama kuondoa pendekezo hakutavunja muafaka. Jonathan, Mungu ambariki, akasema bora uvunjike muafaka kuliko ekseli, na hiyo ndiyo kauli pekee ya Jonathan iliyowahi kuingia kwenye kumbukumbu za kikao neno kwa neno.

Difu ya mbele ikarudishwa na kuletwa ya 39/8. Mzee Mwinshehe alizifunga zote mbili kwa siku tatu, akakipeleka kipima mwendo kurekebishwa, na Desemba 12 pikapu ikapanda Mgeta. Mgeni rasmi alisifu mandhari. Wakati wa kushuka, mvua ilikuwa imelainisha udongo, magunia kumi nyuma, na kanuni yetu ya abiria ikavunjwa na watu watano. Yeremia aliunganisha magurudumu yote manne, akaweka gia ya pili, na kwa kona tisa mfululizo mguu wake ulikuwa umekaa tu, hauna kazi. Mama mmoja juu ya magunia aligonga bati la paa. "Dereva, mbona hunukishi breki leo? Umeziuza?"

Mzee Mwinshehe alikuwa amekaa kiti cha mbele. Wanasema alilala.

Taarifa ya mwaka ilieleza mafanikio haya kama matunda ya uongozi shirikishi wa Kamati ya Mali. Barua ya onyo haikutajwa, wala haikuondolewa. Kuondolewa kwake kunahitaji sahihi zilezile mbili zilizoiweka, na kwa miezi sita ajenda hiyo imeahirishwa kwa kukosa muda, mara ya mwisho ili kupisha maandalizi ya sherehe hii ya leo. Faili likifungwa Jumatatu nayo ikiwa ndani, Mzee ataondoka bila cheti, na nyumba ya kituo ataikabidhi Jumanne.

Mwandishi wa wasifu huu amejiuliza mara nyingi kwa nini ilikuwa rahisi kusaini na ni vigumu kufuta. Anajua tu kwamba aliyenyamaza kikaoni hana haki ya kumpongeza mtu kwa maneno matupu. Kwa hiyo asubuhi hii ametia sahihi yake kwenye fomu ya kuifuta barua hiyo, na nakala ya fomu imebandikwa ndani ya programu hii, ukurasa wa nyuma, ili kila mgeni aione. Nafasi ya pili iko wazi. Mwenyekiti wetu mpendwa ameketi meza kuu, mkono wa kulia wa Mzee Mwinshehe. Fomu yenyewe iko chini ya sahani yake, pamoja na kalamu, na mshereheshaji ameombwa asiruhusu pilau ianze kupakuliwa kabla Mwenyekiti hajaombwa kusimama na kusaini.

Mzee wetu Mwinshehe Stambuli, ahsante kwa miaka thelathini na minne kasoro siku moja, ahsante kwa kuhesabu mbele yetu. Mungu akupe afya, akujaalie paa lisilovuja na usingizi kama ule wa kushuka Mgeta. Nenda salama.

Winfrida
Afisa Usafirishaji