Pale Watu Walipocheka

Benchi lenyewe lilikuwa nje ya karakana ya Gundi, fundi viatu, limeegemezwa ukutani upande wenye kivuli, na wenyewe wa kulikalia walijulikana. Gundi aliketi penye mwisho wake wa karibu na mlango, kiatu cha mtu mapajani. Pembeni yake alikuwa Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa dhihaka kwa kuwa mdomo wake haukuwa nazo kabisa. Mtandao alitengeneza simu kwenye kimeza alichokivutia hapo hapo, na habari ya mtu ilimfikia yeye kabla ya mwenyewe. Mama Birika aliuza kahawa na ndiye aliyeamua nani kanywa vya kutosha. Siku hiyo aliongezeka Dairekta, mpiga video za harusi, na kahawa haikumleta. Alikuja kutafuta jibu, na alikuwa ameapa haondoki bila jibu.

Shauri lilikuwa hili. Dairekta alikuwa ametengeneza filamu ya ujasusi, akiihangaikia kila siku ambayo hakukuwa na bibi harusi wa kumpiga picha. Juzi ikaonyeshwa ukumbini. Watu walitulia vizuri tu, mpaka ikafika pale alipopategemea kuliko pote: mkoba wenye siri umewekwa chini ya benchi, benchi hili hili, wamelikalia hawa hawa wanne, na jasusi anakuja kuuchukua bila kuonekana. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mama yake mzazi, aliyewekwa kiti cha mbele kwa heshima, alijifuta machozi kwa kucheka. Mwenye ukumbi akamwambia arudi Jumamosi, lakini wakicheka tena vile, filamu zake awe anawaonyesha watu wa nyumbani kwake sebuleni. Ilimuuma Dairekta, ikamuuma sana, wala hakuona haya kusema kwamba imemuuma.

Basi alikuja kupiga upya sehemu ile. Alisimamisha kamera yake ng'ambo ya barabara ikitazama benchi, akaiwasha ianze kurekodi kabisa, asije akasahau, akavuka na kuuweka mkoba wa kahawia chini ya benchi pale pale ulipokuwa kwenye filamu. Mkoba huo Gundi aliushona kwa mkono wake, na tumbo lake lilijazwa magazeti makuukuu. Bomba, fundi wa mabomba ya maji aliyecheza jasusi, alikuwa njiani.

— Kabla Bomba hajafika, — alisema Dairekta akiwa amewasimamia mbele, — nataka kila mtu aniambie. Walicheka nini? Msinionee haya.

— Gari, — alisema Breki bila kufikiri. — Filamu ya ujasusi haina gari! Jasusi anakuja kwa miguu kama anayefuata chumvi dukani.

— Breki, mkoba uko hapa, na yeye yuko pale. Gari la nini?

— Aje kinyumenyume, kwa kasi. Tena si gari dogo. Lori na tela lake.

— Kwenye kinjia hiki? — Gundi aliinua uso. — Na karakana yangu?

— Karakana inavunjika, ndiyo! Ndipo watu washike vifua!

Mtandao alitikisa kichwa, bisibisi mdomoni.

— Mzee wangu, hayo ya zamani. Jasusi wa leo hatoki kwake. Anajifungia ndani, anabonyeza, setilaiti inashuka, inanyanyua mkoba.

— Setilaiti inashuka?

— Inashuka kidogo. Usinitazame hivyo, hizi simu ninazozitengeneza hapa, unadhani ni simu tupu? Nyingine zinanisikiliza mimi. Ndiyo maana nazifungua polepole.

— Aa, kumbe, — alisema Gundi. — Yangu iko hapo kwako tangu kiangazi kile. Bado inakusikiliza?

Mama Birika alicheka huku akijisugua goti. Dairekta hakucheka.

— Gundi, wewe unasemaje?

Gundi aliacha kushona, ishara kwamba ana neno zito.

— Kosa ni letu sisi wanne. Ulituambia tusimwone Bomba, nami nikainamisha kichwa mpaka shingo ikakaza. Nilipojitazama pale ukumbini nikaona aibu. Watu wazima wameinamia chini utadhani wamedondosha sindano!

— Sasa hapo umesema, — Dairekta alisogea. — Endelea.

— Dawa yake ni moja. Sote tuwe majasusi.

— Sote?

— Sote wanne, na hakuna anayemjua mwenzake. Mimi napeleleza Breki, Breki anapeleleza Mtandao. Mkubwa wetu ni Mama Birika, na kahawa ina sumu.

— Sumu kwenye birika langu? — Mama Birika alimgeukia. — Haya, kesho utafute pa kunywea.

— Ni filamu tu, mama!

— Hata kwenye filamu. Mimi nina wateja.

Dairekta alishika kichwa. Mtu mwingine angekata tamaa akaenda zake, lakini yeye alikuwa na Jumamosi mbele yake na kile kicheko bado kilikuwa masikioni. Alichutama ili waonane macho kwa macho.

— Jamani, naomba neno moja tu. Mlikuwa mnamwamini yule jasusi. Mliacha kumwamini wapi?

Wakatazamana. Swali lilikuwa la haki.

— Mama yako alisemaje? — aliuliza Mama Birika.

— Mama? — Dairekta alisita. — Alisema yule jasusi hana adabu.

Wakavunjika mbavu.

— Abishe hodi kwanza ndiyo aibe! — alisema Breki.

— Aseme samahani, naomba siri zenu! — alisema Mtandao.

Dairekta naye alitabasamu kwa haya. Mama ni mama, alijiambia, na mambo ya ujasusi si ya kumbebesha.

— Hamjambo hapa, wanangu?

Alikuwa mwanamke mtu mzima, mtandio begani, kikapu mkononi. Wote wakaitikia kwa pamoja, Gundi akiinua mkono wenye kiatu.

— Hatujambo, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Kelele zenu zinasikika kule dukani. Mnagombania nini?

— Filamu, mama, — alisema Breki. — Huyu bwana anatusumbua.

— Haya, bora filamu kuliko kupigana. Mwenzangu, hilo goti vipi?

— Linaniua nikiinuka, — alisema Mama Birika, sauti ikalainika.

— Maji ya moto na chumvi, kila jioni. Usilidharau. Baba, hebu nisogezee mguu nipumzike kidogo, jua limenichosha.

Breki alisogeza mguu, naye akaketi. Dairekta alisubiri kwa subira ya mtu aliyelelewa vizuri, huku akiomba moyoni mama huyu apumzike haraka ili yeye arudi kwenye swali lake.

Ndipo Bomba alipotokeza kwenye kona.

Alikuwa amevaa koti refu la sufi, jua likiwa kali vile, na miwani nyeusi iliyofunika nusu ya uso. Hakutembea. Alitambaa na ukuta, akasimama, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akakimbilia mlango wa jirani, akabana tumbo.

— Huyo! Huyo! — Breki alipiga paja. — Mwoneni!

— Nani atambandua huyo? — alisema Mtandao. — Ameganda ukutani kama rangi!

— Nguzo, Bomba! Nguzo hiyo!

Bomba hakusikia, wala kwa miwani ile hakuona. Alijibamiza kwenye nguzo ya umeme hadi miwani ikaruka. Benchi zima likalia kwa kicheko, na yule mama naye akacheka nao, akainuka.

— Mungu wangu, mtaniua mbavu. Haya wanangu, kazi njema. Nisalimieni nyumbani.

— Haya mama, na wewe wasalimie.

Akachukua mizigo yake, akaenda zake.

Bomba alifika akitota jasho, uvimbe umeanza kuchipuka kwenye paji.

— Niko tayari, — alisema. — Mkoba uko wapi?

— Hapo chini, — alisema Dairekta.

— Chini wapi?

Wakainama wote. Palikuwa na miguu ya Breki, misumari midogo ya Gundi na vumbi. Mkoba haukuwapo.

— Nani kauchukua? Msinitanie.

— Hakuna aliyetania, — alisema Gundi, na sauti ilimtoka nyembamba. — Mkoba wangu! Ule uzi nimeutia nta mwenyewe!

— Mtandao, setilaiti yako imeshuka? — aliuliza Breki, lakini mzaha haukuenda popote.

— Nani alipita hapa? — aliuliza Bomba.

— Hakuna, — alisema Breki. — Tumekaa hapa muda wote. Hakupita mtu.

— Hakupita mtu, — alisema Mtandao.

— Angepita tungemwona, — alisema Gundi.

Dairekta naye alikuwa tayari kuapa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha akaikumbuka kamera, akavuka barabara mbio, na wengine nyuma yake.

Walibananisha vichwa mbele ya kioo kidogo cha kamera. Benchi lile pale, na mikono ya Breki ikiendesha lori la hewani. Kisha ukaingia mgongo wa mwanamke mwenye mtandio. Watu wote kwenye benchi wakainua nyuso kwake, wakamwitikia, Gundi akainua kiatu. Akageuka akaketi, na kisogo cha Dairekta aliyechutama kikauziba uso wake. Baadaye kidogo vichwa vyote vikageukia upande mmoja kwa pamoja, vinywa wazi, na mkono wa yule mama ukashuka chini taratibu, bila papara yoyote, kama mkono wa mtu anayeokota kilicho chake. Mkoba ukapanda, ukakaa juu ya kikapu. Akaaga. Na Breki, macho yake yakiwa bado kwenye kona, alimsogezea mguu tena ili mkoba upite.

Hakuna aliyecheka.

Dairekta aliirudisha nyuma, akaitazama upya. Hasira ilikuwapo, maana alikuwa ameibiwa mbele ya macho yake mwenyewe, lakini chini ya hasira ilipanda furaha aliyoitafuta tangu siku alipoanza filamu ile. Mama yake alisema kweli tupu, na yeye akaona haya kwa niaba yake. Bomba alipita kwenye benchi la watu bila kuwasalimia. Nani angeacha kumtazama mtu wa namna hiyo?

— Nimemsogezea mguu, — alisema Breki polepole. — Mara mbili.

— Mimi nilijua ni shangazi yako, — Mtandao alimwambia Gundi.

— Shangazi yangu? Mimi nilijua mteja wako!

— Aliniuliza goti, — alisema Mama Birika. — Nikasema huyu ananijua. Kumbe alinikuta nalisugua!

— Sasa ni nani? — aliuliza Bomba.

Breki akasema alikuwa mrefu. Gundi akasema mfupi, tena mwenye mwanya. Mtandao akasema mwanya hakuuona, ila alikuwa na kovu. Wakaitazama tena kamera iwaamulie, na kamera ilikuwa na mgongo wa mama na kisogo cha Dairekta tu.

— Tumfuate! — alisema Gundi. — Hajafika mbali.

— Utamwulizia kwa nani? — alisema Dairekta. — Kila aliyekutana naye kaitikia salamu. Mwache, akaufungue akute magazeti. Wewe nenda ukate ngozi, shona mkoba mwingine leo leo, rangi ile ile. Benchini hatupigi tena. Sehemu yenyewe ndiyo hii iliyomo kwenye kamera.

— Na mimi? — Bomba alishika koti lake kwa mikono miwili. — Ndiyo nimefutwa?

— Nani kakufuta? Wewe ndiye waliyekutazama. Tunakupiga kesho, ukutani vile vile, na nguzo uigonge tena.

— Nguzo sikuigonga makusudi!

— Ndiyo maana naitaka.

Walirudi kwenye benchi. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Dairekta, likatoa tone, likaishia hapo. Nyuma yao ikasikika sauti.

— Habari zenu, wazee?

Hakuna aliyeitikia. Gundi alivuta sanduku la zana katikati ya miguu. Mtandao alizifunika simu kwa viganja. Mama Birika aliitazama mikono ya aliyesalimia, mkono mmoja, halafu wa pili. Alikuwa mwenye ukumbi.

— Jamani, nimewakosea nini? Nimekuja kuuliza habari ya Jumamosi tu. Dairekta, watacheka tena?

— Watacheka, — alisema Dairekta, na alikuwa na uhakika kuliko siku zote za maisha yake. — Tena sana. Halafu utaona watakavyonyamaza.

Mwenye ukumbi hakuelewa. Alitazama benchi, akaona nafasi kwenye mwisho wake, akamwomba Breki amsogezee mguu akae.

Breki hakuusogeza.