Mbio za Shikamoo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu, na aliye jikoni aache kidogo kukwangua sufuria. Leo tunamkumbuka Mzee Mosi Abasi. Mosi Abasi, mpeleka barua wa enzi ya Mjerumani. Amefariki Jumanne nyumbani kwake Mafiga, Morogoro, akiwa amevuka miaka themanini.

Mwaka 1910 alikuwa kijana wa Mkuyuni, ng'ambo ya milima. Mlowezi mmoja wa Kijerumani alimchukua shambani kwake, awe anakimbiza barua hadi stesheni ya Morogoro. Barua iwahi treni. Isipowahi, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Sikieni vizuri: treni au viboko. Hapakuwa na la tatu.

Mosi hakuwahi kukimbia safari ndefu maishani mwake. Siku ya kwanza alichomoka langoni kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Nyapara wa shamba, jina lake Rehani, akafurahi sana. Kufika Kiroka, kichomi kikamshika ubavuni, akatapika. Na hapo hapo njiani alisimama mjomba wake, Hatibu, kaka wa mama yake. Waluguru wenzangu, mnajua mjomba kwetu ana uzito kuliko hata baba. Mosi akafungua mdomo, shikamoo ikagoma kutoka. Akampita hivyo hivyo. Treni nayo akaikosa. Akachapwa zote ishirini na tano.

Kesho yake mjomba akamwita. Binti wa marehemu, Bi Hidaya, anasimulia:

"Mjomba hakuuliza habari ya viboko. Alisema, 'Mosi, jana umenipita kama unapita kisiki.' Baba akajibu, 'Mjomba, sikuwa na pumzi.' Mjomba akamwambia, 'Basi wewe hukuwa unakimbia. Ulikuwa unakimbizwa.'"

Maneno hayo yalimuuma Mosi kuliko kiboko. Akajiwekea kipimo. Kila mtu mzima njiani atapata shikamoo yake. Ikitoka nzima, mwendo ni huo. Ikikatikia katikati, anapunguza. Nyie mnaoanza mazoezi leo na saa zenu mkononi, kipimo chake kilikuwa hicho tu. Safari ya pili akawahi treni. Ya tatu akawahi. Ya nne akawahi.

Lakini Rehani hakupenda. Wapeleka barua wengine walitimua vumbi mpaka kwenye kona, wakishapotea machoni wanajikongoja. Mosi alitoka langoni taratibu, mbele ya bwana mwenyewe. Safari ya tano Rehani akamzuia, kiboko mkononi.

"Kimbia nikuone."

"Unataka barua ifike, au unataka kuniona?"

"Nataka kukuona."

"Basi niangalie vizuri," akasema Mosi, akaanza kwa mwendo wake ule ule.

Rehani akaita watu wa shamba, wakamkamata, wakamlaza chini. Ishirini na tano tena, na treni haisubiri mtu. Mimi shuleni nilichapwa sita tu, nikalalia tumbo siku mbili. Mosi akainuka, akaokota mfuko wa barua, akamgeukia Rehani, ambaye kwa umri alilingana na baba yake.

"Shikamoo."

Ilitoka nzima. Na Rehani, kwa mazoea tu, akajikuta ameitikia, "Marahaba."

Mosi akaondoka kwa mwendo ule ule. Mnanisikia? Ule ule. Na treni akaiwahi.

Bi Hidaya anasema, "Nilimuuliza, 'Baba, kwa nini hukukimbia tu mpaka kwenye kona?' Akanijibu, 'Mgongo walikuwa nao wao. Pumzi ilikuwa yangu.'"

Bi Hidaya, wajukuu, na ndugu wote wa Mafiga na Mkuyuni, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, lifikirini hili. Kesho asubuhi ukitoka kukimbia, atatokea mtu wa kukuzomea kwamba unajivuta. Mwamkie. Salamu ikitoka nzima, usimwongezee hata hatua moja.