Mayai Arobaini Ubaoni

Sikilizeni wanangu, Laker, na wewe Kidega acha kuvuta hilo shuka, sikilizeni kabla sista hajarudi kunichukua, maana leo nakatwa ziwa na naogopa, na mwenye kuogopa husema mbiombio.

Nyumba ya Kibuli ni yenu wawili. Cherehani na meza yangu ya sokoni Owino ni za Laker. Kuku gawaneni bila kelele. Lakini ule ubao wa babu yangu uani, huo ndio unaoninyima usingizi.

Babu Okidi alikuwa askari, na serikali ilimpeleka masomoni ng'ambo, nchi ambako wakubwa walipanga kila kitu, mikate mingapi, viatu vingapi, na kila ukuta ulitangaza kwamba mpango umetimia na kuzidi. Akarudi na maneno hayo kama mtu aliyerudi na dini, akatundika ubao: "Lengo la leo, mayai arobaini." Kuku walitaga tisa. Tukaandika arobaini na mawili, tukapiga makofi, tukalala na chai tupu! Shangazi Juliet akacheka, "Afande, kwako hata jogoo anataga!" Akafukuzwa, na ndiyo maana hamumwoni Krismasi. Mwiteni, mniombee radhi, kwa sababu nami siku ile nilipiga makofi.

Mara moja tu, malaria imemlaza, babu aliniambia, "Kule, mjukuu wangu, maduka yalikuwa matupu. Niliyaona." Alipopona akaandika hamsini.

Babu akafa, ubao nikaurithi mimi. Kila asubuhi, "Hali ya nyumba: nzuri," na wewe Laker ukiandika kwa mwandiko wako wa shuleni, na uvimbe upo, mwaka mzima upo, nimeufunika kwa leso. Mficha maradhi kilio humuumbua, nilijua, nilijua kabisa, na bado nikasema nzuri!

Msiuchome huo ubao. Ufuteni. Kuku wakitaga mawili, andikeni mawili. Mkilala njaa, andikeni njaa, jirani asome. Mungu awakuze, awape kinywa kisichoona haya...

Sindano yao hii inanilegeza ulimi. Kidega, nishike... hapo hapo. Laker, ukifika nyumbani, chukua chaki. Hali ya mama... mbaya. Anaogopa. Andika hivyo hivyo, mwanangu... usipambe.